Chumba cha Jesse

Rhonda Niskanen alisema hapana Jumanne jioni, mezani kwake, mbele ya watu watatu tu. Jumatano asubuhi alipofika kazini, hapana yake ilikuwa imeshatangulia, imevua koti na kukaa. Ndivyo ulivyo mji wa Garnet Falls. Chini wanachimba dhahabu, juu wanachimbana.

Alikalia kaunta ya tatu, mahali pake pa kila siku. Foleni ya kaunta ya pili ikarefuka mpaka kwenye majokofu ya maziwa, na yake ikabaki nyeupe kama uwanja wa kanisa Jumatatu. Bev Arsenault, rafiki yake tangu wote wawili walipokuwa na kiuno, alikuja na kitoroli chake, akamwona, akakumbuka ghafla kwamba amesahau mayai. Mayai yalikuwa juu kabisa kitorolini, yanamtazama.

"Bev," Rhonda aliita. "Njoo hapa. Sina kipindupindu."

Bev akaja, akapanga vitu vyake. "Mimi sina neno, mwenzangu. Ila watu wanaongea. Timu imemngoja mwanao mwaka mzima, leo unasema barafu ya hapa haimfai, inamfaa ya Marekani."

"Sikusema haimfai. Nilisema atasoma."

"Kwani hapa hatusomi?"

"Wale wa kwako uliowalaza miaka yote hii, nitajie mmoja aliyemaliza chuo."

Bev akatoa pochi yake. Kila msimu alilaza wachezaji watatu nyumbani kwake, kwa desturi ya mji: timu huleta watoto wa watu kutoka mbali, na familia za hapa huwapa kitanda, chakula na mama wa muda. Alibeba mifuko yake akaondoka, na mayai akayasahau kwelikweli.

Jesse Niskanen alikuwa mlinda mlango wa hoki ya barafuni, miaka kumi na saba. Juni ijayo wakubwa wa ligi ya watu wazima wangekaa mahali na kuchagua vijana kama watu wanavyochagua ng'ombe mnadani, na jina lake lilikuwa tayari linatajwatajwa. Kufika huko Juni kulikuwa na njia mbili. Moja ni Wachimbaji, timu ya vijana ya mji: basi, mechi za kila wiki, na wasaka vipaji jukwaani kila mechi na kahawa zao. Ya pili ni chuo kimoja cha kule Michigan, kilichokuwa tayari kumsomesha bure na kumpa lango. Tatizo ni kwamba mlango mmoja ukiufungua, wa pili unajifunga. Kijana akicheza hata dakika moja katika ligi ile ya vijana, vyuo vya Marekani vinamhesabu mtu wa kulipwa, na hapokelewi tena. Hakuna rufaa, hakuna bahati mbaya.

Kabla ya saa sita Lyle Fontaine alipita. Lyle ndiye mwenye duka, na ndiye mwenyekiti wa Wachimbaji; mkono mmoja unaajiri, wa pili unapiga makofi. Alichukua pakiti ya ubani wa kutafuna, akaiweka mbele ya Rhonda kama mteja.

"Ratiba ya wiki ijayo nimeibadilisha kidogo," alisema. "Nimekupa Jumatatu na Jumamosi."

"Na siku nyingine?"

"Biashara imelala, Rhonda."

Rhonda aliitazama foleni ya kaunta ya pili. "Imelala kaunta hii tu, naona."

"Sisi hapa ni familia," Lyle alisema, akitafuna. "Familia inasaidiana. Fikiria."

*

Nyumbani vita vilikuwa vya vijiko. Glen, mumewe, alikuwa akila mojakka ya mama yake, mchuzi wa nyama na viazi, na kila kijiko alikirudisha bakulini kama anapigilia msumari.

"Lyle amekupunguzia siku," alisema. "Nimesikia mgodini. Chini ya ardhi kabisa, Rhonda, nimesikia kwa mtu wa kuendesha lifti kabla sijasikia kwako."

"Basi umesikia na kwa nini."

"Kwa sababu ya kiburi chako."

"Kwa sababu ya mwanao. Wewe ulipita njia hiyo. Timu tatu kwa miaka mitatu, wakikupitisha mkono kwa mkono kama kiti cha kuazima, ukarudi bila shule."

"Nilicheza."

"Ulicheza. Na goti lako sasa linatabiri theluji kuliko redio."

Mama yake Glen, bibi Aili, ambaye nyumba nzima ilimwita Mummo kwa Kifini chao, aliweka chumvi mbele ya mjukuu wake bila kuombwa. Jesse alikuwa hajainua uso. Mlinda mlango mzuri anauona mpira, kile kisahani cheusi cha hoki, kabla haujapigwa. Nyumbani aliuona ugomvi vivyo hivyo, akainama mapema.

"Aulizwe mwenyewe," Glen alisema. "Jesse. Unataka nini?"

"Nataka watu wale chakula."

"Nakuuliza la maana."

"Na mimi nimejibu la maana, Baba."

"Mimi nataka kumwona na jezi ya kijani kabla sijafa," Mummo alidakia. Picha ya marehemu mumewe ilining'inia ukumbini kwa Wachimbaji, juu ya mlango wa choo cha wanaume, na yeye alilichukulia jambo hilo kuwa heshima.

"Mummo, unasema hivyo tangu mwaka juzi."

"Na tangu mwaka juzi nakufa. Mnadhani ni kazi ya siku moja?"

Hapo ndipo Glen alipolitoa lile alilokuja nalo. Jumapili kuna mechi ya kirafiki. Mlinda mlango wa pili wa Wachimbaji anaharisha. Timu haiwezi kuingia uwanjani bila wa pili. Basi Jesse avae jezi, akae benchi, awe anafungua kilango wenzake wakitoka na kuingia. Mummo ataona jezi. Lyle atatulia, Rhonda atarudishiwa siku zake. Hakuna atakayekuwa amecheza.

Rhonda alikwenda sebuleni akampigia simu kocha wa Michigan. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya daktari wa meno. "Akae benchi hata mwaka mzima, mama," alisema. "Akisimama langoni saa inatembea, basi. Hata ikitembea mara moja tu."

Alirudi mezani. "Benchi tu?"

"Benchi tu," Glen alisema.

"Usiniambie hapa. Kaniambie saunani."

Glen akacheka, kisha akaona hachekewi. Katika ukoo ule mtu angeweza kuongopa kanisani, angeweza kuongopa kwa polisi, lakini si ndani ya sauna, chumba cha kuogea kwa mvuke. Mummo aliwazaa mle watoto wake wawili na kumwosha mle marehemu wake. Mbele ya mawe yale ya moto watu walisema kweli au walinyamaza. Glen alitoka uani, akaingia kile kibanda cha mbao, na Rhonda akamfuata na nguo zake za kazini. Glen akakaa benchi ya juu. Akamwaga maji kwenye mawe, mvuke ukapanda.

"Benchi tu," alisema.

Rhonda akamwamini. Jasho lilikuwa linamtoka kama mtu mkweli.

*

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka ngazi. Rhonda alikaa na Mummo mstari wa nane, blanketi magotini, na ajabu ni kwamba watu walimsalimia. Bev alisogea akamkaribisha kahawa kutoka kwenye chupa yake. "Umefanya la maana, mwenzangu. Mtoto ni wa mji." Rhonda alikunywa. Ilikuwa tamu kupita kiasi, kama watu wanapokusamehe kosa ambalo hukulifanya.

Chini, Jesse alikaa mwisho wa benchi na kofia yake kichwani, kinyago magotini, akifungua kilango na kukifunga. Jezi ilikuwa ya kijani. Mummo alilia kidogo, akajifuta, akala soseji.

Katikati ya kipindi cha pili lilikuja shuti la kawaida, la mtoto. Mlinda mlango wa Wachimbaji alilizuia kwa goti, akakaa chini. Akalala. Mtu wa huduma ya kwanza akaenda kwake anatembea, bila haraka yoyote. Wakamwinua, akatoka akichechemea kwa mguu wa kulia, na alipofika kwenye korido ya vyumba vya kubadilishia nguo akawa anachechemea kwa wa kushoto.

"Mguu ule hauna kitu," Mummo alisema.

Rhonda alikuwa ameshasimama. Alimtafuta Glen, akamwona nyuma ya benchi, upande wa kioo, pamoja na Lyle. Glen alikuwa akitazama taa za dari. Katika maisha yake yote ya kuingia ukumbi ule hakuwahi kupendezwa na taa.

Kocha aligonga bega la Jesse. Kijana hakuinuka. Aligeuza uso, akatazama juu, akahesabu mistari ya viti mpaka akampata mama yake. Rhonda alitikisa kichwa mara moja, taratibu, ili asikosee.

"Kaa chini, Rhonda," mtu alisema nyuma yake.

"Tunataka kuona mechi, si mgongo wako," alisema mwingine, na watu wakacheka. Kisha upande wa mashariki wakaanza kugonga mabati kwa miguu, wakilikata jina vipande: Nis, ka, nen. Nis, ka, nen. Liliruka mstari kwa mstari mpaka likamfikia Bev, na Bev naye akagonga, macho mbele, chupa ya kahawa ikimrukaruka mapajani.

Jesse alivua kofia, akaiweka mahali alipokuwa amekaa kana kwamba anajiwekea nafasi, akashusha kinyago, akaingia. Mwamuzi akaangusha mpira. Saa ikaanza kutembea.

Lililomuuma Rhonda kuliko yote ni kwamba alicheza vizuri. Alizuia kila kitu. Alizuia na mambo ambayo hayakuhitaji kuzuiwa.

*

"Ningefanyaje, Mama?" Jesse alimuuliza jikoni, nywele bado mbichi. Sebuleni nyumba ilikuwa imejaa watu waliokuja na bia na keki, wakimpiga Glen mgongoni.

"Ungekaa."

"Watu wote wale?"

"Watu wote wale walikuwa wamekaa. Ungekaa kama wao."

Jesse alifikiri. "Wewe ungekaa?"

Rhonda akageukia sinki. Alikuwa amesimama mle ukumbini mtu mmoja kati ya mji mzima, na akaambiwa akae, na akakaa. Huyo ndiye mama aliyetaka mwana awe jasiri.

Kocha wa Michigan alipiga simu mwenyewe kesho yake, kwa upole uleule. Alimtakia Jesse kila la heri. Wapole ndio wanaofunga milango bila hata kuibamiza.

Mummo naye alifunga wa kwake. Alitoka uani akatia kufuli kwenye sauna, ufunguo akauning'iniza shingoni pamoja na msalaba. Glen alipouliza, alimjibu mbele ya Jesse, hakumficha: "Umeongopa penye mawe. Sasa oga kwenye bafu, kama mpangaji."

Kwa mwezi mmoja mji ulimbeba Jesse begani. Rhonda alirudishiwa siku zake, foleni ikarudi kaunta ya tatu, Bev akarudi na mayai. Nyumbani mke na mume walizungumza kwa kupitia mbwa. Kisha timu ikaanza kufungwa. Manne, matano, siku moja saba. Walinzi walikuwa wadogo, walipitwa kama mapazia, lakini anayeonekana kwenye picha mpira ukiingia ni mlinda mlango. Wale wa mabati wakagundua kwamba jina Niskanen linaweza pia kuimbwa kwa dhihaka, lina vipande vinavyofaa. Mtu alimwambia Rhonda huku akilipia nyanya, "Mwanao angeenda tu Marekani, mama." Akasubiri chenji yake.

Novemba ilipokaribia mwisho, Lyle alikuja kaunta ya tatu. Safari hii hakuchukua ubani.

"Nimeona nikwambie mwenyewe, ni ustaarabu," alisema. "Tumebadilishana wachezaji. Jesse anakwenda timu ya huko mbali, Saskatchewan. Wanatupa beki mkubwa, miaka kumi na tisa, misuli mitupu. Basi lao linapita hapa saa tisa."

Rhonda alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa imepita saa saba. "Saa tisa leo?"

"Ni biashara, Rhonda."

"Ulisema ni familia."

"Familia pia," Lyle alisema, akatazama pembeni, maana nyuma yake kulikuwa na wateja na kila mmoja alikuwa ameacha kupekua mfuko wake ili asikie. Rhonda alivua aproni, akaiweka juu ya mizani. Mizani ikasoma uzito wake, ikadai bei. Akatoka.

*

Jesse alifungasha haraka kama mtu aliyewahi kufanya hivyo, na hakuwahi. Glen alikuja kutoka mgodini na uso mweusi, hakunawa. Alibeba lile begi kubwa la vifaa mpaka kwenye basi, akichechemea kwa mguu wake mbovu wa kweli. Glen alimtengeneza kola ya koti, akaitengeneza tena, na ilikuwa imekaa sawa tangu mwanzo. Mummo alimpa mkate wa iliki uliofungwa kwa taulo.

"Unijulishe wanakulaza wapi," Rhonda alisema.

"Sijui bado, Mama. Hata wao hawajui. Wanatafuta nyumba."

Basi liliondoka. Waliporudi, Glen alikwenda chini ya nyumba, kwenye ghala la vifaa, na Mummo akakaa mezani bila kuvua kofia.

"Huyu naye walimpeleka hivihivi," alisema, akionyesha sakafu, na chini yake mwanawe. "Timu ya pili. Alifika kwa watu jioni, wakamwambia wamekwisha kula, akangoje chini. Nilipiga simu nikamuuliza, umekula? Akasema ndiyo. Nikajua anaongopa. Huo ndio uongo wake wa kwanza, na nilimsamehe. Angefanyaje, mtoto wa watu ugenini."

"Hajawahi kuniambia."

"Atakuambiaje? Angekuambia, asingeweza kumpeleka wa kwake."

Rhonda alikuwa bado amesimama na koti lake mwilini mlango ulipogongwa. Alikuwa Lyle. Nyuma yake, barazani, theluji ikiliangukia, lilisimama jitu la kijana lenye begi kila bega na fimbo tatu za hoki mkononi, masikio mekundu kama nyama.

"Huyu ndiye Brett Penner," Lyle alisema. "Kwa Bev kumejaa. Kote kumejaa. Nikafikiri, kwa kuwa ninyi mna chumba." Hata yeye, mtu wa biashara, aliisikia sentensi yake na kushusha sauti. "Ni siku chache."

Glen alikuwa amepanda ngazi. Alimtazama kijana, kisha fimbo, kisha mkewe, akasubiri.

"Lyle," Rhonda alisema, "umemtoa mwanangu nyumbani saa tisa. Shuka haijapoa. Na umekuja mlangoni kwangu kuniuliza kama kuna nafasi."

"Najua inavyoonekana."

"Hujui. Ungejua ungemtuma mtu mwingine." Hakupandisha sauti, majirani walikuwa tayari kwenye mapazia na hakutaka kuwachosha. "Wewe shuka ngazi zangu. Kazini sirudi, kwa hiyo usipoteze muda kunipangia Jumatatu. Huyu aingie."

Lyle alishuka. Kijana hakujua kama ameitwa au amefukuzwa, akabaki palepale.

"Ingia, unaingiza baridi."

Akaingia, akavua viatu bila kuambiwa, akaviweka sambamba kwenye kona. Soksi moja ilikuwa imetoboka. "Asante, mama," alisema.

"Usiniite mama. Unaye wako?"

"Ninaye, kulekule nilikotoka."

"Mimi ni Rhonda. Kaa pale." Alionyesha kiti cha Jesse, kwa sababu hakukuwa na kingine kisicho na mtu. "Usidhani nakupenda. Ukifungua mdomo kusema chochote kuhusu yule aliyeondoka, utalala na mbwa."

"Sawa, Rhonda."

Mummo alipasha mojakka. Alimwekea bakuli, akamwekea chumvi, akamtazama anavyokula, mikono miwili, haraka, kama mtu anayeogopa watabadili mawazo. Kisha bibi akatoa ufunguo shingoni, akautupa mezani mbele ya Glen.

"Kawashe moto. Mtoto amekaa kwenye basi tangu jana. Na ukimaliza usitoke, nakuja. Una jambo la kumwambia mkeo, na utalisema mle."

Glen aliuchukua ufunguo. Alifika mlangoni, akageuka kama mtu anayetaka kuanza palepale, lakini Rhonda alikuwa amempa mgongo. Akatoka.

"Namba ya mama yako," Rhonda alimwambia kijana.

Brett aliitaja huku mdomo umejaa. Rhonda akaibonyeza, akaweka simu sikioni. Haikulia hata mara ya pili. Upande wa pili mtu alikuwa ameikalia akingoja. Na kabla Rhonda hajasema yeye ni nani, anapiga kutoka mji gani, nyumba ya nani, sauti ya mwanamke ilimuuliza:

"Ameshakula?"

Rhonda aligeukia ukuta ili kijana asimwone uso.

"Anakula," alisema. "Na wangu? Yuko njiani, anakuja huko kwenu. Kuna mtu unayemjua huko atakayempokea?"